Kivinjari Kijacho Kitunze Kile Ambacho Hatujakituma

Chini ya meza ya steshenari yangu hapa Mwanjelwa, jijini Mbeya, kuna daftari kubwa la jalada gumu, kaunta buku kama tunavyoliita, na kila mteja anayekuja kujaziwa fomu ya mtandaoni huanzia humo. Kabla sijagusa kibodi ninaandika kwa kalamu majina yake matatu kama yalivyo kwenye cheti, namba ya kitambulisho cha taifa, tarehe ya kuzaliwa, kata anayotoka, shule aliyosoma na mwaka aliohitimu, na ndipo ninapofungua kivinjari, yaani programu ya kufungulia tovuti kama Chrome, na kuyaandika yale yale kwa mara ya pili. Vijana waliozoea simu huniuliza kwa nini najipa kazi mara mbili. Huwa nawajibu kwamba fomu ya mtandaoni inaweza kupotea ikiwa imebaki sehemu moja tu kukamilika, na ikipotea, mteja aliyepanda Kosta kutoka Tukuyu au basi kutoka Kyela huenda hana nauli ya kurudi kesho.

Nafuatilia kwa hamu mijadala kuhusu vivinjari vijavyo. Wabunifu wanazungumzia vichupo, yaani kurasa zilizofunguliwa kwa pamoja, vinavyojipanga vyenyewe, kurasa zinazofupishwa na akili mnemba, na wasaidizi wa kidijiti watakaobofya na kununua kwa niaba yetu. Mengi kati ya hayo nayapenda. Hata hivyo, maoni yangu, baada ya kukaa miaka mingi kati ya watu na fomu zao, ni kwamba kivinjari kijacho kipimwe kwanza kwa jinsi kinavyoyatendea maneno ambayo mtumiaji ameshayaandika lakini hajayatuma. Hapo ndipo vivinjari vya leo vinapowaangusha watu wetu, na hapo ndipo ubunifu ungeleta nafuu ambayo mtu angeiona siku hiyo hiyo.

Inafaa kukumbuka kwamba kivinjari hakikuzaliwa kikiwa chombo cha kusomea tu. Mwaka 1990, Tim Berners-Lee alipotengeneza kivinjari cha kwanza akiwa CERN, kituo cha utafiti wa fizikia kilichoko Geneva, alikitengeneza kwenye kompyuta ya NeXT kikiwa na uwezo wa kusoma na kuandika pia: mtumiaji aliweza kufungua ukurasa, kuuhariri papo hapo na kuuhifadhi, kama mtu anavyofanya na daftari lake. Mosaic, iliyotoka mwaka 1993 katika Chuo Kikuu cha Illinois nchini Marekani, ilichanganya picha na maandishi katika ukurasa mmoja na kuwavuta watu wengi, lakini ilikuwa ya kusomea. Netscape mwaka 1994 na Internet Explorer mwaka 1995 zikafuata njia hiyo hiyo. Kuandika kukabaki ndani ya visanduku vidogo vya fomu, na visanduku hivyo vikahesabiwa kuwa mali ya tovuti wakati maneno yaliyomo ni ya mtu aliyeyaandika. Naamini hasara tunayoipata leo ilianzia hapo.

Asubuhi moja ya mwezi wa saba, baridi ya Mbeya ikiwa imeingia hadi kwenye mifupa, alifika mama mmoja mkulima wa parachichi kutoka upande wa Rungwe. Nilimwamkia, naye akaitikia huku akinionyesha simu yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hii simu inanikataa. Nimejaribu mara tatu toka jana."

Alikuwa anajisajili kwa mnunuzi wa matunda kupitia tovuti yake. Nilimwomba ajaribu mara ya nne nikiwa nimekaa pembeni, bila mimi kugusa kitu. Aliandika polepole kwa kidole gumba kimoja: majina, kijiji, idadi ya miche, mwaka wa kupanda, namba ya simu. Hakukosea hata herufi moja. Mwishoni ukurasa ukamwambia kwamba ametumiwa namba ya uthibitisho kwa meseji. Akatoka kwenye kivinjari, akafungua meseji, akaisoma ile namba kwa sauti ya chini, akarudi akiirudiarudia kama mtu aliyebeba maji kwenye viganja. Ukurasa ukawa mweupe kwa muda, kisha ukarudi na visanduku vyote vikiwa vitupu, ukimuuliza jina lake la kwanza.

"Unaona, mwanangu?" akaniambia. "Ndivyo inavyonifanya. Sijui nakosea wapi."

Hakuwa amekosea popote. Simu yake ilikuwa na kumbukumbu ndogo ya kufanyia kazi, GB 2, na mfumo wa Android unapoona nafasi imepungua hufunga vitu visivyoonekana kwenye kioo ili kukipisha kile kilichofunguliwa. Mtu anapotoka kwenye kivinjari kwenda kwenye meseji, kichupo alichokiacha nyuma kinaweza kuwa miongoni mwa vitakavyofungwa, na akirudi, kivinjari hukiita upya kutoka mtandaoni. Kivinjari hujaribu kurejesha yaliyokuwemo, lakini kurasa nyingi za siku hizi huchorwa na programu zilizomo ndani ya ukurasa wenyewe, na zinapochorwa upya maneno ya zamani hukosa pa kurudia. Hatua iliyowekwa kwa ajili ya usalama, ile ya kwenda kusoma namba kwenye meseji, ndiyo hiyo hiyo iliyofuta kazi ya mama yule mara nne.

Tiba ya sehemu ya tatizo hili ipo. Tangu mwaka 2018 iPhone humwekea mtumiaji namba ya meseji juu ya kibodi ili aibofye bila kuhama ukurasa, na tangu mwaka 2020 Chrome ya Android imeiwezesha tovuti kuomba ruhusa ya kusoma namba hiyo kutoka kwenye meseji. Tatizo ni kwamba kwenye Chrome mtengenezaji wa tovuti ndiye anayepaswa kujua jambo hilo na kulifanyia kazi, na tovuti ambazo wateja wangu wanazihitaji zaidi ndizo ambazo watengenezaji wake wamelisahau. Kwa hiyo nasema mzigo huu ubebwe na kivinjari, kwa kuwa kivinjari ni kimoja na tovuti hazihesabiki.

Kuna adui mwingine wa fomu, naye ni kidole. Ukivuta ukurasa kwenda chini ukiwa umefika juu kabisa, kivinjari cha simu huupakia upya. Ishara hiyo ilibuniwa na Loren Brichter kwa ajili ya Tweetie, programu ya kusomea Twitter kwenye simu, na kwa kusoma habari mpya ni ishara nzuri sana. Kwenye fomu ni mtego. Mtu anayetaka kupanda juu kusahihisha jina lake huvuta mara moja zaidi ya ilivyohitajika, na fomu nzima inakwenda. Kivinjari kinaona wazi kwamba visanduku kumi vimejazwa. Kingeweza kuikataa ishara hiyo mpaka mwenye fomu athibitishe.

Sasa nirudi kwenye daftari langu, maana nikilitazama vizuri naona kwamba limeshanichorea kivinjari ninachokitaka. Kwanza, daftari hutunza neno palepale linapoandikwa. Kivinjari nacho kingeweza kuandika kila herufi ndani ya kifaa chenyewe, mtandao uwepo usiwepo, katika rasimu iliyo nje ya ukurasa. Jambo hili halihitaji muujiza wowote, kwani Firefox ya kompyuta tayari huhifadhi hali ya vichupo vyake kila baada ya sekunde 15 ili iweze kuvirejesha ikizimika ghafla. Ninachoomba ni kwamba rasimu hiyo ionekane kwa macho: kitufe kimoja chini ya kioo kilichoandikwa "Rasimu", ambacho mtu akikibofya anaona maswali na majibu yake yote kwa mfuatano, pamoja na saa aliyoyaandika. Hata pale ambapo ukurasa uliochorwa upya umekataa kuyapokea majibu kwa mkupuo, mwenyewe atayasoma na kuyarudisha moja baada ya jingine. Mama yule angepoteza dakika tatu badala ya siku mbili.

Pili, daftari halizimiki. Umeme ukikatika hapa Mwanjelwa, kompyuta yangu isiyo na betri hulala hapo hapo, lakini ukurasa wa kaunta buku unaendelea kusomeka kwa mwanga wa mlangoni. Rasimu ya kivinjari nayo inapaswa kuokoka umeme ukikatika, chaji ikiisha, na hata pale tovuti inapomtoa mtu kwa sababu muda wake umekwisha.

Sifa ya tatu ndiyo ngumu kuliko zote, na ndiyo iliyonifikirisha zaidi. Nikimaliza kumhudumia mteja, nachana ukurasa wake kwenye daftari na kumkabidhi. Siwezi kukaa na namba za vitambulisho vya watu mia mbili chini ya meza. Kompyuta ya steshenari haina adabu hiyo kwa tabia yake ya kawaida. Nikiandika herufi tatu, Mwa, ambazo huanza majina mengi ya huku kwetu, kivinjari chenye mazoea ya kujaza chenyewe kinashusha orodha ya wateja wa wiki nzima, pamoja na barua pepe zao na namba zao za simu, mbele ya macho ya mteja aliyekaa kwenye kiti. Kwa ajili hiyo ninatumia hali ya mgeni, ambayo husahau kila kitu ninapofunga dirisha. Lakini hali hiyo hiyo inayomlinda mteja ndiyo isiyobakiza chochote umeme unapokatika. Yaani leo hii inanibidi nichague kati ya faragha ya mteja na usalama wa kazi yake, na hakuna mtu anayestahili kuchaguliwa kimoja kati ya hivyo viwili.

Pendekezo langu ni rasimu ya mteja. Fomu inapoanzwa kwenye kompyuta ya pamoja, kivinjari kimwombe mteja aweke tarakimu nne anazozijua mwenyewe, kisha kiifungie rasimu kwa tarakimu hizo na kuiweka kwa muda mfupi tu, tuseme siku tatu, baada ya hapo ijifute. Tarakimu nne peke yake hubahatishwa upesi, kwa hiyo kivinjari kiifute rasimu baada ya majaribio machache yasiyo sahihi. Mteja akiwa na simu janja, aweze kuichukua rasimu yake kwa kuelekeza kamera kwenye kioo na kuondoka nayo mfukoni. Najua wataalamu wa usalama watakuwa na maswali kuhusu mahali ufunguo utakapokaa na nani anaweza kuufikia, na maswali hayo ni ya haki. Naomba tu yajibiwe katika kubuni kitu kinachofanya kazi, kwa sababu jibu la sasa ni mimi na kalamu yangu. Mama wa Rungwe nilimwandikia katika daftari, nikamjazia kwenye kompyuta huku simu yake ikiwa mezani kwa ajili ya meseji tu, na fomu ikapita mara ya kwanza. Nilipomchania ukurasa wake aliukunja mara nne, akaufunga kwenye pindo la khanga, akaniambia "Ndaga fijo, mwanangu," yaani asante sana kwa Kinyakyusa.

Jambo la pili ninalolipa uzito ni ukweli kuhusu kutuma. Tangu mwaka 2014, Chrome ikikosa mtandao humwonyesha mtu mnyama wa kale, dainosari, ambaye anaweza kuchezewa mchezo wa kuruka miiba ya jangwani. Watoto wanaupenda sana. Lakini mtu aliyebofya "Wasilisha" mtandao ukakatika sekunde ile ile ana swali moja tu moyoni: maombi yangu yamefika au hayajafika? Kuambiwa kwamba hakuna intaneti si jibu la swali hilo. Akibofya tena anaogopa kutuma mara mbili, na asipobofya anaogopa kukosa nafasi, kwa hiyo anakaa anakitazama kioo. Kivinjari kinajua zaidi ya kinachosema. Kinajua kama fomu iliondoka kwenye kifaa, na kinajua kama seva, yaani kompyuta ya tovuti, ilijibu. Kiseme hivyo kwa maneno ya kawaida: "Haijaondoka kwenye simu yako", au "Imeondoka, lakini bado hatujapata jibu", au "Imepokewa saa 8:14 mchana". Na ile ambayo haijaondoka kiitunze, na mtandao ukirudi kimuulize mwenyewe kama aitume. Chrome imekuwa na njia ya kuisubirisha kazi mpaka mtandao urudi tangu mwaka 2016, ila kama kawaida ni lazima tovuti iitumie.

Kuhusu bando nitasema kwa ufupi, ingawa linaniuma. Opera Mini, iliyoanza Norway mwaka 2005, ilipitisha kurasa kwenye seva zake na kuzibana kabla hazijafika kwenye simu, na watu wengi wa kwetu walijifunzia intaneti humo, kwenye simu za vitufe. Chrome nayo ilikuwa na hali ya kupunguza data, ikaondolewa mwaka 2022, na moja ya sababu zilizotolewa ni kwamba gharama za data zimeshuka katika nchi nyingi. Kwa mtu anayenunua bando la siku, sababu hiyo haitoshi. Ukurasa wa kawaida wa simu sasa unazidi MB 2, na kivinjari kingeweza kumwonyesha mtu uzito wa ukurasa ungali mwanzoni kufunguka, na kumpa kitufe cha kusema "niletee maandishi tu".

Mahali pa vitufe pia panahitaji neno moja. Mwaka 2013 mtafiti Steven Hoober aliwatazama watu 1,333 wakitumia simu zao hadharani, na kati ya 780 waliokuwa wakigusa kioo, 49% walikuwa wameshika simu kwa mkono mmoja. Pamoja na hayo kisanduku cha anwani kiliendelea kukaa juu, mbali na kidole gumba, mpaka vivinjari vichache, kikiwemo Safari, kivinjari cha iPhone, mwaka 2021, vilipoanza kukishusha chini. Nalisifu badiliko hilo. Anayeshika simu kwa mkono mmoja na mkungu wa ndizi kwa mwingine analielewa bila kuelezwa.

Alama na lugha zinanipa taabu zaidi. Kwa miaka mingi tulifundishwa kwamba kufuli dogo kando ya anwani ni dalili ya usalama, na mimi mwenyewe niliwafundisha wateja hivyo. Mteja mmoja aliwahi kuniambia ukurasa umefungwa, hauwezi kuandikwa, kwa kuwa ameona kufuli. Na kwa mtu aliyezoea kuona kufuli kwenye mlango wa duka lililofungwa, hayo ni mawazo sahihi kabisa. Google walipolichunguza jambo hili mwaka 2021 walikuta kwamba 11% tu ya walioulizwa walielewa barabara maana ya kufuli hilo, ambayo ni kwamba mawasiliano kati yako na tovuti yamesimbwa, yaani yamefichwa ili mtu wa kati asiyasome. Halisemi lolote kuhusu uaminifu wa mwenye tovuti. Mwaka 2023 wakaliondoa kwenye Chrome na kuweka alama nyingine. Hapo najiuliza, kama kufuli liliwashinda hata wale lililobuniwa kwa ajili yao, onyo lililotafsiriwa neno kwa neno kutoka Kiingereza linamfikiaje mzee wa Mbozi? Baadhi ya vivinjari vikubwa vinapatikana kwa Kiswahili, na nawashukuru waliofanya kazi ya kutafsiri. Hatua inayofuata ni maonyo kuandikwa kwa Kiswahili tangu mwanzo, yakajaribiwa na watu sokoni hapa na stendi ya Kabwe, na msomaji aulizwe ameelewa nini kabla onyo halijapitishwa.

Halafu kuna akili mnemba, ambayo siwezi kuizungumzia fomu nikaiacha. Msaidizi anayekaa ndani ya kivinjari, anayesoma swali la fomu kwa sauti kwa Kiswahili, anayeelewa jibu la mdomo na kuliandika kwenye kisanduku chake, atakuwa mkombozi wa watu wasioona vizuri na wasiojua kusoma. Kazi hiyo ndiyo ninayoifanya mimi kila siku, na nitafurahi kuigawana. Lakini nina sharti moja ambalo sitalilegeza. Mzee asiyejua kuandika akija kwangu, namshikia kalamu, namsomea kila mstari, na mwisho dole gumba linalotiwa wino ni lake. Msaidizi wa kivinjari naye ashike kalamu, lakini kitufe cha "Wasilisha" kisibofywe ila na mwenye jina, baada ya kusomewa yote yaliyoandikwa. Sababu si heshima peke yake. Msaidizi wa namna hii hupokea maagizo kwa maneno, na ukurasa wenye nia mbaya unaweza kuficha maneno ambayo mtu hayaoni lakini msaidizi anayasoma na kuyatii, akapeleka namba ya kitambulisho mahali ambapo mwenyewe hakukusudia. Mpaka tatizo hilo lipate dawa, dole gumba libaki la mtu.

Kivinjari cha namna hii kikitoka, najua jinsi nitakavyokijaribu. Nitachukua simu ya GB 2, nipande Kosta ya Tukuyu pale Uyole, nianze kujaza fomu ndefu kabla gari halijajaa. Tukipita Igawilo nitatoka kwenda kusoma meseji na kurudi, nitavuta ukurasa kwenda chini kwa makusudi, na tukikaribia Kiwira nitaizima simu kabisa. Nitaiwasha nikishuka stendi ya Tukuyu, nifungue kivinjari, nitafute kitufe cha "Rasimu", niangalie kama jina langu lipo.